Fungu Letu la Pikipiki

Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno ya kuwakaripia. Vijana wapatao kumi walikuwa wameegesha pikipiki zao mbele ya mgahawa mmoja mjini Singida, injini zikinguruma asubuhi ya Jumapili, saa ambayo watu wenye akili zao huelekea ibadani. Mimi si mtu wa kupita mbele ya upuuzi nikanyamaza. Miaka mingi ya kushika chaki imenifundisha kwamba ukimya wa mtu mzima ni nusu ya ruhusa. Nikavuka barabara, kitabu cha nyimbo mkononi, na sentensi ya kwanza ikiwa tayari ulimini.

Haikutoka. Kati ya pikipiki zile ilikuwapo moja ya Kiingereza, kuukuu, iliyovuliwa kila kisicho cha lazima: haina madigadi, haina keria, usukani wake umeinamishwa kama pembe za ng'ombe anayetaka kupiga. Kutoka ubavuni mwake ilipanda harufu ya petroli na mafuta ya injini yanayoungua taratibu juu ya chuma cha moto. Nilikuwa sijaikuta harufu hiyo tangu nikiwa na umri wa miaka minane.

"Shikamoo, mama," alisema mwenye nayo, kijana mwenye koti la ngozi katika jua lile. "Umeipenda?"

"Marahaba. Nani aliikata hivi?"

"Mimi mwenyewe. Ni mtindo wa vijana wa Ulaya wa zamani. Hapa Singida sisi ndio wa kwanza."

Nilimwambia kwamba hilo si kweli, na kwa kuwa kengele ilikuwa ikigongwa sikupata nafasi ya kumweleza zaidi. Nayaeleza sasa, hasa kwa wenzangu wa rika langu. Tumewalalamikia vijana kiasi kwamba tumesahau kuwaambia tuliyoyaona.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kinampanda, huko Iramba. Tulikuwa tumehamia huko mwaka uliotangulia, kaya moja baada ya nyingine, tukaziacha tembe zetu za zamani zilizotawanyika kati ya majabali na kujenga mpya kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Baba alikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mgawa dawa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucha safi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na alikuwa na pikipiki. Daktari mmoja wa misheni alimwachia aliporudi kwao. Wazee waliiita tukutuku, na walipoisikia ikipanda kilima walisema dawa inakuja. Baba aliiendesha kufuata wagonjwa walio mbali. Dada yake, Shangazi Raheli, ambaye aliishi nasi na alikuwa hajaolewa, aliiendesha hadi mjini Singida kuchukua dawa kila shehena ilipochelewa.

Shangazi Raheli alikuwa mwembamba kama fito na mwenye ulimi unaokata. Alijifunza kuendesha kwa kuanguka. Njia zetu zilikuwa za ng'ombe, zenye mchanga laini unaomeza gurudumu, na kila kovu la magoti yake lilikuwa na jina la mahali. Hakuna aliyemfundisha adabu ya mchanga. Mchanga wenyewe ulimfundisha.

Sasa shida yetu ilikuwa hii. Kijiji kilikuwa kimepata kinu cha chuma cha kusagia nafaka, lakini hakikupata injini ya kukiendesha. Kinu kilikaa chini ya kibanda, kimefunikwa gunia, huku mama zetu wakiendelea kupiga magoti mbele ya mawe ya kusagia au kujitwika uwele hadi Kinampanda. Siku moja mkutano wa kijiji ukaitishwa, na Mwenyekiti, Mzee Shila, akasimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "injini ni injini. Kinu tunacho. Injini iko nyumbani kwa dresa, imelala. Tuitoe pikipikini, tuifunge kwenye kinu, wake zetu wapumzike."

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana sikuelewa.

Baba alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, injini ya pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Ukiifunga mahali pamoja itaungua kabla ya gunia la pili. Mtakosa unga, na mtakosa pikipiki."

Mama Yohana, jirani yetu, mwanamke mwenye watoto saba, akainuka pale pale. "Dresa, nasaga kwa jiwe tangu nikiwa mwari. Tazama magoti haya. Wewe unatuambia habari za upepo?" Kisha akawageukia watu. "Hata kupe, ukimwuliza, atakwambia ng'ombe atakufa akimwachia!"

Mkutano mzima ulicheka. Neno kupe lilikuwa limeandikwa shuleni kwetu, juu ya ubao, kwa chaki nyekundu: ndilo jina la mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Nililitazama vumbi la miguuni mwangu. Baba alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilifanana kabisa na uongo wa mbinafsi. Nimeishi miaka mingi baadaye na kusoma vitabu vingi, wala sijaona adhabu kali kuliko hiyo kwa mtu mwadilifu.

Hata hivyo walikuwa watu wa haki. Walimpa muda: mtama ukishavunwa, kama hajapata injini nyingine, hiyo ya pikipiki itolewe.

Ni Shangazi aliyeleta habari ya mgahawa wa Bwana Alibhai. Tulikuwa tunakula ugali kwa mlenda mchana, yeye amerudi kutoka mjini na maboksi ya dawa.

"Kaka, kule nyuma ya mgahawa, kibandani, kuna injini ya kusagia. Nzima. Ilikuwa ya baba yake, enzi za mashine yao. Imefunikwa turubai."

"Haiuzwi," alisema Baba. "Watu wa ushirika walikwisha kumwomba."

"Sijasema tununue. Unawajua wale vijana wanaoshindana pale?"

Baba aliwajua, na hakuwapenda. Mwana wa Bwana Alibhai, aitwaye Amirali, alikuwa na pikipiki iliyokatwa ikawa kama panzi, na wenzake walikuwa wakikusanyika mgahawani kunywa chai na kupimana mbio. Kanuni yao ilikuwa ya ajabu. Chai iliyochemka ilimiminwa mezani kwa kila mshindani, kisha wakaondoka kwa kasi hadi jiwe kubwa lililo kando ya ziwa Singidani na kurudi. Wa kwanza kufika hakuhesabiwa kuwa mshindi mpaka Bwana Alibhai ameionja chai yake na kuikuta bado inaunguza mdomo. Ikiwa imepoa, wote walikuwa wameshindwa na ziwa. Na kwa kuwa hakuna aliyepata kumshinda mwanawe, Bwana Alibhai alikuwa na kauli yake ya majivuno, aliyoitamka kila Jumamosi mbele ya wateja: atakayemshinda Amirali na achague kitu kimoja, chochote, kilicho chini ya paa langu.

"Huo ni mchezo wa kihuni," alisema Baba.

"Kweli," alijibu Shangazi, akilamba kidole. "Una dawa nyingine, Dresa?"

Baba alinawa mikono, akarudi zahanati. Lakini kesho yake nilimkuta amekaa juu ya kigoda mbele ya pikipiki, akiitazama kama anavyomtazama mgonjwa kabla ya kumgusa. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi kilichofungiwa sukari dukani. Kilikuwa kimechanwa kutoka gazeti la kigeni, nacho kilikuwa na picha ya kijana wa Kizungu amelalia pikipiki isiyo na kitu. Akachukua spana.

Hapo ndipo ufahamu wangu wa kitoto ulipopotoka.

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mali ni ya wote na kila mtu apate sehemu yake. Mimi nilijua namna moja tu ya kugawa kitu kikubwa, nayo ni ile ya ng'ombe wa sherehe. Ng'ombe akichinjwa, kila nyumba ina fungu lake linalojulikana: la wazee, la wajomba, la waliomchuna. Mwenye ng'ombe hula mwisho, na mara nyingi hubaki na ngozi na sifa. Kwa hiyo nilipomwona Baba akifungua madigadi na kuyapeleka kwa mhunzi, nikajua: pikipiki inachinjwa. Siku ya pili nikaikuta keria nje ya nyumba ya Mama Yohana, imesimamishwa juu ya miti minne, ameanikia vyombo. Kile kiti kirefu kikawa barazani kwa Mzee Shila, mama yake, bibi kizee aliyeshindwa kukaa chini, amekikalia huku akichekacheka. Taa ya mbele ilitundikwa zahanati.

Kila jioni nilihesabu vilivyobaki. Usukani ulipinduliwa ukaning'inia chini, bomba la moshi likafupishwa, mahali pa kuwekea miguu pakarudishwa nyuma kwa vyuma ambavyo mhunzi alivifua kutoka yale madigadi. Mimi sikuona pikipiki ikizaliwa upya. Niliona mzoga ukipungua, na sisi, wenye ng'ombe, hatujapata kitu.

Nilipomwuliza Mama, alikuwa ameinamia jiwe la kusagia, jasho linamdondoka. Alisema, "Baba yako anajua anachofanya." Jibu hilo lilinitia hofu zaidi. Hivyo ndivyo watu wazima walivyosema kuhusu mambo yote yaliyotuumiza.

Kulikuwa na kitu kimoja kidogo alichokitunza kuliko vingine: plagi mpya, nyeupe shingoni kama jino, iliyofungwa kitambaa ndani ya kopo la vidonge. Aliniambia pasipo kuniangalia, "Hii ndiyo inayotia moto. Bila hii, yote hayo ni vyuma." Nikajiona nina hekima. Kama ni lazima tubaki na fungu moja, basi liwe la moyo. Usiku wa kuamkia safari niliichukua, nikaifunga kwenye ncha ya khanga niliyopewa na bibi, na ndani ya kopo nikatia kokoto moja ili likitikiswa lilie.

Sitaki msomaji atabasamu haraka. Huo ulikuwa wizi, na wizi hauna umri. Nilijua kuwa ni wizi, ndiyo sababu ya kokoto.

Tulisafiri kwa lori la ushirika, juu ya magunia, pikipiki imefungwa kamba katikati yetu. Nilichukuliwa kwa sababu kwetu binti asiyeolewa hakwenda kwenye mkusanyiko wa wanaume bila mtoto wa kike wa kumsindikiza, hata kama kaka yake yupo. Mtoto ndiye shahidi wa heshima yake. Kazi yangu, basi, ilikuwa uaminifu. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu, nimeshikilia ncha ya khanga yangu, wala sikusema neno hadi mjini.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa tisa. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma kama kawaida yake, ukibeba vumbi na harufu ya chumvi kutoka ziwani. Mgahawa ulikuwa umejaa. Bwana Alibhai, mtu mnene mwenye miwani mizito, alimtazama Baba, akaitazama pikipiki, akavua miwani akaifuta.

"Karibu, Dresa. Umekuja kushindana? Na tumbo hilo?"

"Si mimi, Bwana Alibhai. Dada yangu."

Kicheko kilianzia mezani kikaishia barabarani. Shangazi alikuwa amevaa suruali ya Baba ndani ya gauni lake, na kilemba amekikaza hadi nyusi zimepanda. Amirali alitoka akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye nywele zilizopakwa mafuta, wala hakuwa na dharau. Alikuwa na mazoea ya kushinda tu, ambayo kwa mbali hufanana nayo.

"Dada, samahani," alisema, "hii si cherehani."

"Najua," alijibu Shangazi. "Lakini kaa wima kidogo, nikupime suruali ya kuanguka nayo."

Wenzake walimzomea Amirali kwa furaha, wakapiga meza. Naye alicheka kuliko wote. Bwana Alibhai akapanda juu ya kiti, akatamka kauli yake ya kila Jumamosi, tena kwa sauti kubwa kwa kuwa hakuona hatari. Chochote kilicho chini ya paa langu. Watu wote walisikia.

Baba alipiga kiki ili aipashe moto injini. Iliwaka, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima. Akapiga tena na tena. Safari ilikuwa imeitikisa sana, na plagi ya zamani ilikuwa imejaa masizi. Baba hakuwa na wasiwasi. Alitoa lile kopo mfukoni, akalitikisa, likalia. Akalifungua, akalimimina kiganjani.

Kokoto.

Kisha mtu mmoja akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo dawa ya huko Iramba, na mgahawa mzima ukapasuka kwa kicheko. Baba aliendelea kuitazama ile kokoto. Nimewahi kumwona akiwafunika watu waliofariki, lakini sikuwahi kuuona uso wake ukiwa mtupu vile. Shangazi alikuwa amekaa juu ya pikipiki, mikono imeshika usukani, amefumba macho. Nami nikaelewa kwa ghafla mambo mawili: kwamba pikipiki haikuwa imechinjwa, na kwamba kama ingekufa leo, mwuaji ningekuwa mimi.

Miguu yangu ilinipeleka mbele. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na nilichofundishwa.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba," alisema, kwa sababu hata wakati huo hakuweza kuiacha shikamoo bila jibu. "Nini?"

Nilifungua ncha ya khanga. "Ni fungu letu."

"Fungu gani?"

"Fungu la pikipiki. Wote wamepewa. Mama Yohana amepewa, mama yake Mwenyekiti amepewa, mhunzi amepewa. Sisi hatukupewa. Nikachukua."

Maneno hayo yalisikika hadi jikoni, maana watu walikuwa wamenyamaza ili wasikie. Amirali akaweka kikombe chake chini. "Huyu mtoto ni hakimu," alisema, na safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine, chenye huruma ndani yake. Baba alichuchumaa mbele yangu. Nilitazamia kofi, nilikuwa nalistahili.

"Utaniazima fungu letu?" aliniuliza. "Jioni nitakurudishia."

Nikampa. Alipoifunga plagi, mikono yake ilitulia kabisa. Injini ilipigwa kiki mara moja, ikaitikia kwa mngurumo safi uliotikisa vikombe.

Chai ikamiminwa. Nakumbuka mvuke wake ukilala kwa upepo, na Bwana Alibhai akisogeza vikombe pembeni ya dirisha kwa makusudi, mahali upepo unapopiga, maana alikuwa mfanyabiashara. Kisha akapunga kitambaa, na pikipiki mbili zikaondoka pamoja kama jiwe na kivuli chake.

Baada ya hapo hapakuwa na la kuona, ila vumbi. Ilibaki sauti. Baba alisimama katikati ya barabara, akafumba macho, akaanza kusema kwa sauti ya chini, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Amirali ametangulia. Ile yake ina nguvu zaidi kwenye barabara ngumu." Akanyamaza. "Wamefika kwenye mteremko." Watu walikuwa wameanza kumzunguka. "Sasa mchanga. Amirali amepunguza. Sikilizeni, amepunguza. Raheli..." Akanyanyua kidole. "Hakupunguza."

"Ataanguka," alisema Bwana Alibhai.

"Ukipunguza mchangani ndipo unapoanguka, Bwana. Yeye huachia pikipiki itafute njia yake."

Halafu sauti zote mbili zikapotea nyuma ya majabali. Mbali, juu ya ziwa, ndege heroe waliruka kwa pamoja, wingu la waridi likapinda na kushuka tena. Tukajua wamefika kwenye jiwe. Nilitazama vikombe. Mvuke wa kimoja ulikuwa umebaki uzi mwembamba. Nilijikuta nikisali, na mpaka leo sina hakika kama ni halali kumwomba Mungu azuie chai isipoe. Niliomba hivyo hivyo.

Sauti zilirudi zikiwa moja, nzito, zimechanganyika. Kisha mtu aliyepanda ukutani akapiga kelele, "Sambamba! Wako sambamba!" Vumbi likatokea kwenye kona, na kutoka ndani yake likatoka gurudumu la mbele, na juu yake kilemba kilichofunguka kinapepea kama bendera. Shangazi alikuwa amelala juu ya tangi, kidevu karibu na usukani, viwiko ndani, sawasawa na yule kijana wa kwenye karatasi ya sukari. Amirali alikuwa nyuma yake kwa urefu wa mtu mmoja. Urefu huo haukupungua.

Nilisikia kelele ambayo sijaisikia tena hata uwanja wa mpira. Wapishi walitoka na miiko, wanawake wa sokoni waliacha vitunguu vyao wakapiga vigelegele. Lakini Bwana Alibhai aliinua mkono, na watu wakatii, maana kanuni ilikuwa kanuni. Alikichukua kikombe cha Shangazi, akakisogeza mdomoni polepole. Baba alinishika bega hadi likauma.

Bwana Alibhai akanywa. Akakitoa kikombe kwa haraka, akapuliza midomo, machozi yakamtoka chini ya miwani.

"Inaunguza," alisema. "Wallahi, inaunguza!"

Hapo ndipo mgahawa ulipopinduka. Amirali alishuka pikipikini, akaenda akampa Shangazi mkono, kisha akauinua mkono huo juu ili watu wote wauone. Nimesema kwamba mimi ni mkali kwa vijana, lakini namhesabu yule miongoni mwa walimu wangu: alinionyesha, mara moja tu na kwa sekunde chache, jinsi mtu anavyopaswa kushindwa.

"Chagua," alisema Bwana Alibhai, akifuta midomo. "Maandazi ya mwaka mzima? Redio?"

"Nataka injini iliyoko kule nyuma, Mzee wangu," alisema Shangazi. "Chini ya turubai."

Uso wa Bwana Alibhai ulibadilika. "Ile ilikuwa ya marehemu baba yangu."

"Najua. Kijijini kwetu kuna kinu kisicho na injini, na wanawake wanaosaga kwa magoti. Kama haiko chini ya paa lako, niambie, nitachukua maandazi."

Hakumdhihaki, wala hakupandisha sauti. Bwana Alibhai aliangalia nyuma, kwenye kibanda, halafu akawatazama wateja wake mmoja mmoja, na nilidhani atakataa. Watu wengi wenye heshima wamekataa vitu vidogo kuliko hicho.

"Baba yangu aliwasagia watu wa mji huu unga kwa miaka mingi," alisema hatimaye. "Amekaa chini ya turubai muda wa kutosha. Lakini nitakuja mwenyewe kuona inavyofungwa. Siwaamini mafundi wenu."

Jioni ile, juu ya lori, Baba alinipa ile plagi ya zamani aliyoisafisha, akasema hilo ndilo fungu letu. Kisha akaniambia kwamba kwa wiki mbili nitafua bendeji za zahanati kila nikitoka shule, kwa ajili ya kokoto. Nilizifua zote. Sikuona kama mambo hayo mawili yanapingana, wala sioni leo. Niliuliza pia kwa nini aliwapa watu vile vyuma. Alisema, "Nilikuwa sivihitaji, nao walikuwa wanavihitaji. Waliniita kupe, mwanangu. Nilitaka kujua kama ni kweli."

Kuna swali ambalo nimelizungusha kichwani miaka yote hii: je, haikuwa kamari? Shangazi hakuweka rehani chochote, na Bwana Alibhai alijifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Hata hivyo ni mimi ninayewakataza wanafunzi wangu hata bahati nasibu ya harusi. Nimefikia kusema hivi: neno la majivuno lilitamkwa, na wawili hao, kwa uaminifu wa mmoja na ujasiri wa mwingine, walilifanya neno hilo liwe la kweli. Asiyeridhika na hukumu yangu na atoe yake.

Injini ilifika siku chache baadaye, juu ya lori lile lile, Bwana Alibhai amekaa mbele na dereva, Amirali nyuma akiongozana nalo kwa pikipiki yake. Kijiji kizima kilikuwa chini ya kibanda. Walifunga mkanda, wakamimina mafuta, na Bwana Alibhai akasisitiza azungushe gurudumu kwa mkono wake. Ilipowaka, majabali yaliitikia, na kuku wa kijiji kizima wakakimbilia porini.

Mzee Shila alivua kofia yake. "Ndugu zangu," alisema kwa kelele, akishindana na injini, "nani bado anasema tuivunje pikipiki ya dresa?"

Mama Yohana alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kapu la uwele kichwani. Alilitua mbele ya Baba, akamtazama machoni.

"Dresa," alisema, "ule upepo wako. Nimeuelewa sasa."

"Magoti yako nami niliyaelewa tangu siku ile," Baba alijibu.

Mama Yohana alimimina uwele wake juu ya kinu. Unga ulianza kushuka chini, mweupe wenye kijivu, ukijaza kapu haraka kuliko mtu anavyoweza kusimulia, na wanawake wakasogea wote kwa pamoja, kama watu wanaosikia habari isiyoaminika. Mama alinisogeza mbele, akaingiza mkono wake kapuni, na wangu pamoja na wake, hadi kwenye viwiko. Unga ulikuwa wa moto. Mama alianza kucheka. Na mimi, ambaye nilikuwa sijapata kumwona Mama akicheka mchana wa kazi, nilisimama pale mikono yangu ikiwa ndani ya moto ule mpole, sitaki kuitoa.